Kurutu Namba Arobaini na Moja

Mimi naitwa Nyaguthii, na kama unatafuta mtu wa kukusimulia kwa upole, umekosea mlango. Miaka ishirini na mbili nimekuwa nesi katika dispensari ya esteti moja ya majani chai huku upande wa Belgut. Kumi na sita kati ya hiyo nimekaa chumba kimoja na Quinter wa maabara, tukitenganishwa na pazia tu. Chai tunakunywa pamoja, na kugombana tunagombana kila siku. Mimi humwita mtu wa samaki kwa Ujaluo wake, yeye huniita mtu wa githeri, mahindi na maharagwe yetu Wakikuyu, na siku akikosa kuja kazini nashinda nimenuna. Kwa hivyo ninayoyasema juu yake, nina haki ya kuyasema.

Quinter alizaliwa hapa hapa, kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi. Baba yake, mzee Jackton, alitoka pande za ziwa akiwa kijana akaja kuchuna chai, akazeekea kwenye chai. Msichana akasomea maabara Kisumu, akarudi. Ni mtu wa uangalifu mpaka anakera. Ukimletea damu ambayo kichupa chake hakina jina, anakurudishia, hata mgonjwa awe mama yako mzazi. Kwenye rejista yake kuna nafasi ya maelezo ambayo sisi wengine huiacha wazi. Yeye huijaza. Kuna siku nilikuta ameandika, "Mgonjwa amekataa kuvua kofia." Nikamuuliza, kofia na minyoo vinahusiana vipi? Akaniambia nishughulike na sindano zangu.

Sasa sikiliza kilichompata, maana watu huku wanakisimulia vibaya.

Miaka mitatu iliyopita jeshi lilikuja kuandikisha makurutu katika uwanja wa Sigowet. Mtu wao wa maabara alikuwa ameamka na tumbo la kuendesha, wakaomba kusaidiwa na esteti, na meneja akawapa Quinter. Mimi nikaenda naye kupima presha. Tulifika asubuhi na mapema, ukungu umelala mpaka chini, vijana zaidi ya mia mbili wamevua mashati wanatetemeka, wameandikwa namba kifuani kwa kalamu nene. Walipokimbizwa na kukaguliwa meno na miguu, wakabaki kama sitini. Hao ndio waliletwa kwetu.

Mwaka huo kulikuwa na jambo jipya. Kila kijana alijaza fomu inayouliza kama amewahi kutumia dawa za kulevya, kisha akapimwa mkojo, kutafutwa bangi na mengine ya aina hiyo. Kapteni mmoja daktari alituwekea sanduku la vipimo kwenye meza nje ya hema, akasema haraka haraka, "Mistari miwili, safi. Mstari mmoja, nje. Hakuna mjadala." Halafu akaenda zake kule kwenye mbio.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Maisha yetu yote mimi na Quinter tunapima malaria na mimba. Kwa vipimo hivyo, mstari wa pili ukitokea, jambo lipo. Hata ukiwa umefifia kiasi cha kuhitaji miwani, lipo, na mgonjwa anameza dawa. Hiki cha bangi kimegeuzwa kichwa chini. Mstari wa pili ndio unaosema mtu ni safi, na bangi ndiyo huuzuia usitokee. Quinter, kwa kujijua, aliandika kwenye kiganja: mbili, safi. Kila kipimo alikuwa anafungua kiganja kwanza. Na kweli alikuwa anaenda sawa. Wawili wakapatikana na mstari mmoja, wakaondoka bila neno, maana walijijua.

Kisha akaja namba arobaini na moja.

Huyu alikuwa Kipsang, mtoto wa Chepkorir, mama mjane mwenye shamba dogo la chai na ng'ombe wawili karibu na Sosiot. Tulimjua. Chepkorir ni kiongozi wa akina mama kanisani kwetu. Kijana alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na siku hiyo ndiye aliyemaliza mbio mbele ya wote. Mstari wa kwanza wa kipimo chake ulikuwa umekolea. Wa pili ulikuwepo, lakini umefifia, lazima uinamishe kichwa ndiyo uuone.

Quinter akaniita. "Sista, hebu angalia hapa. Unaona nini?"

"Naona mstari unaelekea kupotea."

"Si tungojee Kapteni?"

"Kapteni yuko kule mbali, na watu wanakufa na baridi. Ingekuwa malaria ungesema nini?"

"Ningesema kuna kitu ndani."

"Basi kuna kitu ndani. Andika tuendelee!"

Hayo ni maneno yangu mimi. Siwezi kuyameza. Yeye akaandika "hafai" kwenye karatasi ya jeshi, na kwenye daftari lake mwenyewe akaandika, "Namba 41, mstari wa pili hafifu."

Kijana hakupiga kelele. Alisema, "Madam, mimi hata sigara sijawahi kugusa. Nipime tena." Nikamjibu kabla Quinter hajafungua mdomo, "Kila mtu husema hivyo." Askari mmoja akaja na ile kalamu nene akamchora mkasi, alama ya kukata, juu ya namba yake. Akaenda nyumbani na huo mkasi kifuani.

Ningeweza kukuambia kwamba sijui habari ilivyoenea. Najua. Ilienezwa na mimi. Jumatano ya soko, Sosiot, nikinunua mboga za managu, mtu akauliza mbona mtoto wa Chepkorir hakuchukuliwa na alikuwa mbele ya wote. Nikasema, "Bangi, mama. Hawa watoto wa siku hizi!" Nesi mzima, na kiapo. Kufikia Jumapili Chepkorir alisimama kanisani akaomba mtoto wake aombewe. Kijana alikuwa amekaa kiti cha nyuma. Akainuka akatoka. Nyumbani mama akamwambia asilale kwake mpaka akiri. Akiri nini? Hakuwa na la kukiri. Akaenda kwa mjomba wake Londiani, akawa mtu wa kubeba magunia ya viazi. Mwaka uliofuata alirudi kujaribu tena. Wakafungua orodha yao, wakakuta alama, wakamrudisha hata kabla hajavua viatu.

Na kulikuwa na maneno mengine. Siku ile Quinter alimpitisha kijana anaitwa Gordon, mtoto wa laini zetu, Mjaluo kama yeye. Kipimo chake kilikuwa na mistari miwili myekundu kabisa. Lakini mdomo wa watu haupimwi. Wakasema amepitisha wa kwao akaangusha Mkipsigis wa hapa. Quinter alisikia kila neno. Ninyi mnaoishi kwenu hamjui maana ya kusikia neno kama hilo mahali ambapo baba yako alikuja kwa kazi.

Basi. Mwezi wa pili mwaka huu, saa nne asubuhi, akaja dispensari sajini mmoja wa jeshi, Morris Ndung'u, mtu wa makamo, mnene kidogo, mcheshi. Alitumwa kuzunguka kote walikopimia makurutu mwaka ule. Wakubwa wake walitaka kujua jambo moja: yale matokeo ya mkojo yanalingana na jinsi vijana walivyofanya kazi baadaye, ama ni mkojo bure? Nikamwekea chai. Nikamsikia ni mtu wa kwetu, tukaongea Kikuyu kidogo, tukacheka.

"Sasa vipi," nikamuuliza, "waliokuwa safi ndio wazuri?"

Akatikisa kichwa. "Sista, mkojo unaniambia mtu alivuta nini juzi. Hauniambii kama ataamka saa kumi kesho. Kuna mmoja wenu wa hapa, Gordon. Karatasi yake inang'aa. Miezi kumi tu akafukuzwa, analala zamu, amelewa chakari. Pombe hatukuipima. Na kuna kambi nyingine waliwachukua wachache waliokiri walivuta zamani. Wawili kati yao sasa ni makoplo."

Quinter akatoa lile daftari lake. Sajini akafurahi, akasema hajaona mtu anaweka rekodi hivi. Akapitisha kidole chini, namba kwa namba. Kikasimama.

"Huyu arobaini na moja. Umeandika hafifu. Na sisi tunaye kama aliyepatikana."

"Ndiyo," Quinter akasema. "Mstari ulikuwa umefifia."

"Lakini ulikuwepo?"

"Ulikuwepo."

Sajini akaweka kikombe chini. "Madam, ukiwepo tu, hata uwe kama uzi, huyo ni safi. Kipimo hiki hakina nusu. Na mlipima wapi, nje? Kwa hiyo baridi ya Sigowet? Baridi hufanya rangi ije pole pole. Imeandikwa kwenye karatasi iliyokuwa ndani ya sanduku."

Karatasi hiyo hakuna aliyetupatia. Lakini pia hakuna kati yetu aliyeiomba.  Quinter aliinuka akaenda nyuma ya pazia, nikasikia anafungua mfereji wa maji, na maji yakamwagika muda mrefu bila kuosha chochote.

Sajini alipoondoka nilimfuata Quinter nyuma ya pazia nikamwambia nyamaza. Ndiyo, nilisema hivyo, nisikudanganye. Nikamwambia, "Quinter, miaka mitatu imepita. Ukisema ulimwangusha mtoto wa Kipsigis aliyekuwa safi, na Gordon wako akapita, nani atakuamini kwamba ni bahati mbaya? Watakupokonya leseni. Na wakiwafukuza huku, mzee Jackton atazikwa wapi?"

Akaniangalia kama mtu asiyenijua. "Kijana ana miaka mingapi sasa?"

Nikahesabu. Ishirini na sita.

"Mwisho wa kuandikwa ni ngapi?"

"Ishirini na sita."

"Na wanakuja Sigowet lini?"

Nilikuwa nimeona tangazo limebandikwa pale kwa chifu. Wiki nne.

"Basi niondokee hapo nipate kalamu," akasema.

Barua aliyoiandika naijua kwa moyo, maana alinilazimisha niisome nione kama kuna uongo. Ilikuwa fupi. Ilisema kosa ni lake, kijana alikuwa safi, rekodi irekebishwe. Jina langu halikuwemo. Nilipouliza kwa nini, akasema, "Wewe ulishika presha. Kipimo nilisoma mimi." Aki, mwanamke huyu! Nilichukua kalamu nikaandika langu chini ya lake. Tukaipeleka kwa sajini, naye baada ya siku tano akapiga simu. Alama imefutwa. Kijana anaweza kuja, kwa mara ya mwisho, kama mtu yeyote.

Kwa Chepkorir tulienda wote wawili. Tulimkuta ndani ya chai yake, kikapu mgongoni. Quinter alisema yote akiwa amesimama, hata hakungoja kukaribishwa. Chepkorir alimsikiliza mpaka mwisho, vidole bado vinachuna. Halafu vikaacha.

"Nilimfungia mlango mtoto wangu," akasema. "Nilisimama mbele ya kanisa."

"Najua, mama."

"Sitaki pole yenu. Mrudisheni. Mrudisheni vile mlimchukua."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Afadhali angetukana.

Londiani tulimkuta Kipsang kwenye stoo ya viazi, anapakia lori. Alikuwa amepanuka mabega, lakini macho yalikuwa mekundu, na nikajua kabla hajasema. Macho ya namna hiyo nayaona kila wiki kwenye benchi langu.

"Chamgei, Kipsang," nikamsalimia.

"Chamgei," akajibu, kisha akamwona mwenzangu. "Madam wa mkojo! Leo umekuja kumpima nani?"

Wenzake wakacheka. Quinter hakungoja waishe. Akasema mbele yao wote, kwa sauti ya juu, "Ulikuwa safi. Siku ile ulikuwa safi, na mimi nilisoma vibaya. Alama imefutwa. Wanakuja tena baada ya wiki tatu na unaruhusiwa."

Kijana akaketi juu ya gunia. 

"Si niliwaambia?" akasema. Halafu kwa sauti ndogo, "Mmechelewa, Madam. Nikipimwa leo nitapatikana. Kila mtu alikuwa anajua navuta. Nikienda dukani, navuta. Nikicheka, navuta. Msichana wangu Eddah, kwao wakakataa, ati navuta. Mwaka jana nikaona, ah, si nivute tu, kwani nitapoteza nini?"

Nilitazama kando. Quinter aliinama akamshika magoti, vile mtu hufanya akiomba. "Unaweza kuacha?"

"Kwa wiki tatu?"

"Kwa wiki tatu. Nitakusaidia."

Akaacha. Sijui nikuambie vipi jinsi alivyoacha. Alirudi kwa mama yake, mama akamfungulia, hawakuzungumza mengi. Wiki ya kwanza hakulala, alikuwa anatoka jasho na hasira, alipiga teke ndoo ya maziwa ikapinduka. Alfajiri alikuwa anakimbia kwenye barabara ya chai mpaka kiwandani na kurudi. Quinter alinunua vipimo kwa pesa zake mwenyewe kwenye duka la dawa mjini Kericho. Siku ya saba, mstari mmoja. Siku ya kumi na nne, mmoja. Siku ya ishirini, ndani ya maabara, madirisha yamefungwa, karatasi ya maelezo imesomwa mara mbili, mstari wa pili ukaja mwekundu kabisa. Quinter akapiga yowe, wagonjwa wakaruka. Mimi nilimbusu kijana kwenye paji la uso. Nilikuwa na furaha, wacha nisijifiche, nilifikiri tumeshalipa.

Siku yenyewe Sigowet palikuwa na jua. Sajini Ndung'u ndiye aliyekuwa mezani. Safari hii walikuwa na mtu wao wa maabara, sisi tulisimama nyuma ya kamba pamoja na Chepkorir. Kipsang alikimbia, hakuwa wa kwanza, alikuwa wa nne, na hiyo ilitosha. Meno, sawa. Miguu, sawa. Mkojo ukapimwa, na sajini akatuinulia kidole gumba kutoka kule. Chepkorir akanishika mkono, akaubana mpaka ukauma.

Ikabaki fomu. Vijana waliinama wakijaza juu ya magoti yao. Nilikuwa nimemwambia asubuhi, na Quinter alikuwepo, kwamba pale pa dawa za kulevya aandike hapana. Kipimo kimesema hapana, wewe useme nini? Quinter hakuongeza neno. Kijana alikuwa ameniitikia, "Sawa, sista."

Nikamwona sajini anaisoma. Akaisoma tena. Akamwita karibu, na kwa kuwa kamba haikuwa mbali, tulisikia kila kitu.

"Hapa umeandika ndiyo."

"Ndiyo, afande."

"Ulianza lini?"

"Baada ya nyinyi kuniandika kwamba navuta."

Sajini akatazama pembeni, akashusha sauti. "Kijana, uko safi. Nina fomu nyingine hapa. Mwaka huu amri imekaza, aliyewahi kuvuta hachukuliwi, nikipeleka hii, wewe umekwisha. Chukua, ujaze upya."

Nikasema kimoyomoyo, chukua, mwanangu, chukua. Chepkorir alisema hivyo kwa Kipsigis, kwa sauti.

Kipsang hakuichukua. "Afande, mwaka ule nilijaza ukweli. Hamkuusoma. Huu nao someni."

Kapteni mwingine aliyekuwa nyuma akanyoosha mkono akaichukua ile fomu, akaangalia mahali pamoja tu, akaipiga muhuri wa kukataliwa. Haikuchukua hata dakika. Sajini hakuinua uso.

 Quinter alikaa chini kwenye nyasi, na koti lake jeupe, katikati ya watu, akalia kwa sauti kama aliyefiwa. Mimi nilisimama tu. Nilikuwa na hasira na kila mtu, na kijana, na kapteni, na zaidi na mdomo wangu huu. Chepkorir alikuwa amefunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa.

Kipsang akapita chini ya kamba, bado kifua wazi. Alimpita mama yake, akaja mpaka kwa Quinter, akachutama mbele yake.

"Inuka, Madam. Watu wanakuona."

Akamshika mkono akamwinua, akampangusa nyasi kwenye koti. Kisha akatugeukia sote watatu, akauliza kama tumekula, maana tulikuwa tumesimama hapo tangu asubuhi.